Mabuti ya Kuwindia Katika Ardhioevu ya Moyowosi: Tathmini ya Jozi Nne

Kila mwaka msimu unapokaribia, vijana wanaoajiriwa kwa mara ya kwanza katika kambi za uwindaji huniuliza swali lile lile: wanunue buti gani lisilopitisha maji? Nimefanya kazi ya kufuatilia nyayo katika vitalu vya uwindaji vya Moyowosi, mkoani Kigoma, kwa misimu kadhaa, na katika misimu mitatu ya mwisho nimevaa jozi nne za mabuti ya aina tofauti, tatu kwa fedha yangu na moja kwa zawadi ya mgeni aliyekuja kuwinda. Tathmini hii inazihusu jozi hizo nne. Majina ya waliozitengeneza sitayataja, kwa sababu sifa na kasoro nitakazozieleza zinatokana na namna kiatu kilivyoundwa, na mnunuzi atakayeuelewa muundo ataweza kuchagua hata kwenye rundo la mitumba ambamo lebo zimekwisha kung'olewa.

Ni vyema kwanza nieleze mahali penyewe, kwa kuwa buti haliwezi kuhukumiwa mbali na ardhi linayoikanyaga. Pori la Akiba Moyowosi limo ndani ya ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, eneo la kwanza la Tanzania kuingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kuhifadhi ardhioevu, mwaka 2000, lenye ukubwa wa takriban hekta milioni 3.25. Siku moja ya kufuata nyati inaweza kuanzia katika msitu wa miombo, kwenye ardhi ngumu iliyofunikwa na majani makavu, ikashuka hadi kwenye mbuga ya udongo mweusi unaonata, na kuishia ukingoni mwa mafunjo, ambako mguu huzama hadi gotini kabla ya kupata pa kusimama. Nzohe, swala wa majini anayewavuta wageni wengi kuja huku, ameumbiwa mahali hapo. Kwato zake ni ndefu na hupanuka anapokanyaga, hivyo hupita juu ya mizizi na matope yanayotumeza sisi. Lakini akipanda kwenye ardhi ngumu, mwendo wake hupoteza madaha yote. Binadamu anataka kiatu kimoja kimfae katika ardhi zote tatu, na mimi kiatu hicho sijakiona.

Jambo ambalo wageni wa kazi hii hawalitazamii ni umande. Msimu huanza Julai, katikati ya kiangazi, na mtu hujiambia kwamba kwa kuwa hakuna mvua, hakuna maji. Asubuhi za baridi nyasi za mbugani hufika kiunoni na kila jani limebeba matone yake. Baada ya nusu saa suruali huwa imeloa chepechepe hadi mapajani, na maji hayo huteremka yakifuata kitambaa hadi yakaingia ndani ya kiatu kutoka juu. Hapo buti ambalo halipitishi maji kabisa hugeuka kuwa chombo cha kuyahifadhi. Mara ya kwanza nilipovaa buti la namna hiyo, mzee mmoja aliyeanza kufuata nyayo kabla sijazaliwa alinitazama nilivyokaa juu ya kichuguu, nikavua kiatu na kumwaga maji yaliyotosha kujaza kikombe cha chai. Yeye alikuwa amevaa katambuga za tairi, na miguu yake ilikuwa imekwisha kukauka. Akaniambia, "Kijana, umevaa mtungi." Neno hilo limekuwa likinijia kila ninaposhika kiatu dukani tangu siku ile.

Kwa hiyo maandishi ya kwenye boksi kwamba kiatu hakipitishi maji hayatoshi. Ni lazima kuuliza ni maji gani yanayozungumzwa: yale ya chini, yanayogusa ngozi ya kiatu kwa nje, yale ya juu, yanayoteremka na suruali, au yale ya ndani, yaani jasho, ambalo kwa mtu anayetembea tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi alasiri si dogo hata kidogo. Watengenezaji wengi hushughulikia ya kwanza peke yake. Mimi nimezipima jozi zangu kwa yote matatu.

Jozi ya kwanza niliinunua mitumbani, Kigoma mjini, kwa shilingi 60,000. Kwa kuitazama ilikuwa ya kifahari: ngozi nene ya kahawia, shingo inayofika katikati ya ugoko, soli yenye meno makubwa, na lebo ya ndani iliyoandikwa gramu 800. Nilidhani huo ni uzito wa kiatu. Sivyo. Katika mabuti ya kuwindia yanayotengenezwa kwa ajili ya wawindaji wa Marekani na Kanada, namba hiyo hueleza uzito wa tabaka la kuzuia baridi, kwa gramu katika kila mita moja ya mraba ya tabaka lenyewe. Mia mbili ni jepesi, mia nne ni la kadiri, na mia nane limekusudiwa mtu anayekaa kimya juu ya jukwaa mtini akimsubiri kulungu huku theluji ikianguka. Mimi nilitembea nalo kilomita kumi na tano juani. Kufikia saa sita mchana soksi zilikuwa zimeloa kwa jasho kuliko ambavyo umande ungeweza kuziloanisha, na nyayo zilikuwa nyeupe na zenye mikunjo kama vidole vya mtu aliyeshinda akifua. Anayefanya hivyo wiki nzima hapati malengelenge tu, hupata na fangasi ambazo zitamsumbua hadi baada ya msimu.

Hata hivyo joto halikuwa kosa lake kubwa. Siku ya nne, tulipokuwa tukirudi garini, nilihisi kana kwamba mguu wangu wa kushoto umefupika. Nilipoinua wayo niliona tabaka la katikati, lile lililo kati ya ngozi na meno ya soli, likimeguka kama keki iliyokauka, na kila nilipoligusa kidole kilibaki na unga wa kijivu unaonata. Soli ya chini ilikuwa nzima, meno yake hayajalika hata kidogo. Ilikuwa imeachana tu na kiatu. Mwenzangu alikata ukanda wa tyubu ya baiskeli, tukaizungushia mara tatu, nikaburuza mguu kilomita tatu hadi garini huku mgeni akinisubiri kila baada ya hatua mia. Aibu ya kumchelewesha mtu aliyelipia siku zake kwa fedha nyingi ni kubwa kuliko maumivu.

Sababu yake nilikuja kuielewa baadaye. Tabaka hilo hutengenezwa kwa poliyurethani, ambayo ni nyepesi na hupokea vizuri uzito wa mwili, lakini unyevu ulio hewani huivunja polepole kutoka ndani, na huivunja hata kiatu kikiwa kimekaa kwenye boksi bila kuvaliwa. Mtumba huwa umekwisha kukaa kabatini miaka kadhaa, ukakaa ghalani, kisha ukasafiri baharini ndani ya kontena lenye joto, ndiyo maana buti linaloonekana jipya linaweza kuwa limekufa tayari. Anayenunua mitumbani asidanganywe na meno ya soli. Abonyeze ubavu wa tabaka la katikati kwa ukucha wa dole gumba kwa nguvu. Likiacha shimo lisilorudi, au likinata, au likionyesha nyufa nyembamba kiatu kinapokunjwa, aliache lilipo. Mabuti mengi yana lebo ndogo chini ya ulimi au ubavuni kwa ndani, yenye mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Lililozidi miaka mitano mimi silichukui, hata liwe zuri namna gani.

Jozi ya pili ni mabuti ya mpira, yale yanayouzwa katika maduka ya pembejeo na vifaa vya ujenzi, niliyoyapata Kibondo kwa shilingi 25,000. Hayo ndiyo pekee yasiyopitisha maji kwa maana halisi ya neno, kwa sababu hayana mshono ambao maji yangeweza kupenya. Yalitokana na haja ya wakulima: Mmarekani Hiram Hutchinson alianza kuyatengeneza nchini Ufaransa mwaka 1853, kwa mpira uliopikwa kwa njia aliyoigundua Charles Goodyear, akawauzia watu waliokuwa wakilima kwa viatu vya mbao. Kwa kupanda na kushuka mtumbwini, kwa kusimama kwenye tope wakati wa kuchuna na kukata nyama, na kwa kazi za kambini alfajiri, sijaona kinachoyashinda, na bei yake inamwezesha kila mtu.

Kutembea nayo ni habari nyingine. Kisigino hakishikwi na kitu, kwa hiyo hupanda na kushuka kila hatua, na kwa mguu wangu kilomita tatu zinatosha kuchubua ngozi. Tope zito huyashika na kuyavuta, mtu akajikuta ametoa mguu na buti limebaki nyuma. Shingo yake pana hupiga shavu la mguu kwa sauti ambayo nyamera huisikia kabla hujamwona. Maji yakipita ukingo wake, hayana pa kutokea, na mtu huanza kuinua uzito ambao hakuja nao. Ndiyo maana ninapopanda mtumbwi nayavaa bila kuyafunga kwa kamba yoyote, ili mtumbwi ukipinduka niweze kuyavua kwa kupiga mguu mara moja. Anayeyanunua asichukue namba kubwa mno kwa matumaini ya kujaza nafasi kwa soksi mbili. Soksi moja nene inatosha, na kisigino kisiachwe na nafasi zaidi ya upana wa kidole.

Jozi ya tatu ndiyo inayohitaji maelezo marefu, kwa kuwa ndiyo inayotamaniwa na wengi na ndiyo ghali kuliko zote. Aliniachia mgeni wa kutoka Montana, Marekani, aliyekuwa na mguu sawa na wangu. Ni buti la ngozi lenye shingo ya inchi 8, yaani sentimita 20 hivi, na kati ya ngozi na kitambaa cha ndani lina utando wa Gore-Tex. Utando huo ulianzia katika ugunduzi wa Bob Gore, huko Delaware, mwaka 1969, alipovuta kwa ghafla kipande cha plastiki ya aina ya kile kinachopakwa kwenye vikaango visivyoshika chakula, kikatanuka na kuwa na vitundu visivyoonekana kwa macho. Kampuni yake hueleza kwamba kila kitundu ni kidogo mara 20,000 kuliko tone la maji, na ni kikubwa mara 700 kuliko molekuli ya mvuke, hivyo maji ya nje hushindwa kuingia na mvuke wa jasho hupata njia ya kutoka. Danner, kampuni ya Oregon, iliutia utando huo kwenye buti la kutembelea mwaka 1979, na tangu hapo karibu kila mtengenezaji wa mabuti ya kuwindia ana lake la namna hiyo.

Maelezo hayo ni ya kweli, ila yana sharti ambalo halisemwi kwa sauti. Mvuke hutoka penye joto na unyevu mwingi ukaelekea penye baridi na ukavu. Milimani Montana mwezi wa Oktoba, hewa ya nje ni kavu na baridi, na ndani ya kiatu mguu una joto: mvuke una sababu ya kutoka. Ukingoni mwa mafunjo saa saba mchana, nje kuna joto na unyevu unaokaribia ule wa ndani ya soksi, na mvuke hauna pa kukimbilia. Zaidi ya hayo, ngozi ya nje ikishalowana, ule utando unakuwa umefunikwa kwa kitu kibichi, na jasho hubaki lilipo. Nimeivaa jozi hiyo asubuhi za Julai na Agosti, nimeivaa pia mvua za kwanza za Novemba zinapoanza, na katika nyakati hizo, kwa kazi ya saa tatu au nne, inastahili sifa zote: mguu una joto la kadiri, soksi ni kavu, kifundo kimeshikwa vizuri. Mchana wa Septemba na Oktoba sithubutu kuivaa.

Kuna kipimo kingine ambacho mnunuzi akikikosa atadhani amedanganywa. Urefu wa buti si urefu wa kinga yake. Ulimi wa kiatu hushonwa kwenye ubavu kwa kipande cha ngozi laini kinachokunjika pande zote mbili, na maji huzuiwa hadi pale kipande hicho kinapoishia, si hadi ukingo wa juu. Katika jozi yangu ya sentimita 20, kipande hicho kinaishia sentimita 13 kutoka chini. Hapo ndipo mto wa kina cha sentimita 15 uliponiingilia, nami kwa kosa langu nilikuwa nikiulaumu utando. Fungua kamba zote dukani, inua ulimi, uangalie kwa macho yako pale mshono unapokoma.

Kabla ya kukitegemea kiatu cha namna hii porini, kipimwe nyumbani. Mimi huweka gazeti kavu ndani ya kila buti, nikalikandamiza hadi lifike vidoleni, kisha naviweka viatu vyote viwili katika beseni lenye maji yanayofika juu kidogo ya kifundo, na kuweka jiwe ndani ili visielee. Baada ya nusu saa navikunja mara kadhaa mle mle majini, kana kwamba vinatembea, kwa sababu kiatu kilichotulia huficha kasoro zake. Halafu nalitoa gazeti taratibu. Katika jozi niliyopewa, gazeti la mguu wa kulia lilitoka kavu. La kushoto lilikuwa na doa la ukubwa wa sarafu, karibu na kidole cha mwisho, mahali ambapo kiatu hukunjika kila hatua na ambapo vipande vitatu vya ngozi vinakutana kwenye mshono mmoja. Hilo ndilo eneo la kuchunguza katika kila buti, liwe jipya au kuukuu: kadiri vipande vya ngozi na mishono inavyokuwa michache sehemu ya mbele, ndivyo kiatu kitakavyodumu.

Kasoro yake kubwa zaidi ni kukauka. Likiloa kwa ndani, iwe kwa umande wa juu au kwa kuvuka mto, utando unaozuia maji kuingia huyazuia pia kutoka. Nililipima kwenye mizani ya jikoni kambini: jozi kavu ilikuwa kilo 1.7, na baada ya kuvuka mto ikawa kilo 2.4. Asubuhi iliyofuata bado ilikuwa mbichi. Huu ndio mtungi aliousema mzee.

Jozi ya nne ni ile niliyoishonesha kwa fundi wa viatu mjini Mwanza, kwa shilingi 120,000, nikiwa na maoni yangu yote ya misimu iliyotangulia. Ni ya ngozi ya ng'ombe isiyo na kitambaa kwa ndani, shingo fupi inayofunika kifundo tu, soli ya mpira iliyoshonwa kwa uzi pamoja na gundi, bila utando na bila tabaka la kuzuia baridi. Nilimwomba fundi atoboe matundu mawili kwenye kila kiatu, upande wa ndani, juu kidogo ya soli, na kuyatia pete za shaba zenye wavu mwembamba. Wazo hilo si langu: mabuti ya msituni waliyovaa wanajeshi wa Marekani huko Vietnam yalikuwa na matundu kama hayo. Fundi aliniuliza mara mbili kama kweli ninataka kiatu kipya kitobolewe.

Maji huingia humo, sikatai. Tukivuka mto huingia mara moja, na baada ya hatua kama thelathini ardhini, huku mguu ukikamua, huwa yamekwisha kutoka. Umande unaoteremka na suruali hupata mlango. Kufikia saa nne asubuhi soksi za sufu huwa zimekauka mguuni, na kwa siku nzima ya kutembea sijapata lengelenge hata moja tangu kiatu kilipozoea mguu. Jozi nzima ina uzito wa kilo 1.3, na tofauti hiyo na ile ya kilo 2.4 huhisiwa kwenye nyonga kuanzia saa nane mchana. Soli nyembamba kiasi hunifanya nihisi kijiti kabla sijakivunja, jambo ambalo ni la lazima katika miombo ya Septemba, ambako kila jani lililokauka ni mpiga mbiu. Mwindaji bingwa, yaani yule anayewaongoza wageni, ninayefanya naye kazi huvaa Courteney, mabuti yanayotengenezwa Bulawayo na kupewa jina la Frederick Courteney Selous, yule mwindaji Mwingereza aliyeuawa vitani Beho Beho, kusini mwa Tanzania, tarehe 4 Januari 1917 na ambaye kaburi lake liko huko huko. Nayo pia ni ya ngozi na mepesi, yasiyojidai kuzuia mto. Watu wanaotembea kila siku, kwa macho yangu, huishia kwenye aina hii.

Ningempa nini basi kijana anayeniuliza? Akiwa na fedha za jozi moja, achukue ya ngozi iliyoshonwa soli, isiyo na tabaka la kuzuia baridi wala utando. Akiwa na nyongeza kidogo, aongeze mabuti ya mpira kwa ajili ya mtumbwi na mafunjo. Buti la utando liwe la tatu, na likiwa la gharama inayomfanya akope, aliache. Askari wa wanyamapori anayesimama lindo usiku au mkazi anayewinda kwa saa chache za asubuhi anaweza kuugeuza mpangilio huo, kwa kuwa yeye hatembei mchana kutwa na baridi ya alfajiri humpata amesimama.

Namna ya kupima mguu haina siri, ingawa wengi huikosea. Kiatu kijaribiwe alasiri, mguu ukiwa umevimba kidogo kama utakavyovimba porini, na kijaribiwe kwa soksi ile ile itakayovaliwa. Kabla ya kufunga kamba, sukuma mguu mbele hadi vidole viguse. Nyuma ya kisigino pabaki nafasi ya kidole kimoja. Baada ya kufunga, kisigino kisipande. Namba za mitumba zisiaminiwe bila kuangalia ni za nchi gani, maana 8 ya Uingereza hukaribia 9 ya Marekani kwa viatu vya kiume na 42 ya Ulaya, na hata hapo kila mtengenezaji ana kalibu yake. Kipya kisipelekwe porini moja kwa moja. Mimi cha fundi nilikivaa wiki tatu nyumbani na sokoni kabla ya kukitembelea kilomita kumi.

Rangi nayo ina maneno yake. Mbung'o huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Moyowosi ina mbung'o wa kutosha, na mahali wanapopapenda ni pale soksi inapoonekana kati ya kiatu na suruali. Kahawia au kijani kibichi kilichopauka kinafaa. Mabuti yenye madoadoa ya kijeshi yanayojaa katika katalogi za ng'ambo yaachwe huko huko, kwa kuwa nchini mwetu raia haruhusiwi kuvaa mavazi yanayofanana na sare za jeshi, na kueleza kizuizini kwamba ni kiatu tu hakutasaidia. Shingo inayofunika kifundo nisingeiacha kwa sababu ya kifutu, ambaye hulala njiani bila kusogea hadi anapokanyagwa.

Kuhusu utunzaji, tuna bahati ambayo hatuitumii. Kigoma na Tabora ni nchi ya nyuki, na nta tunayoiuza nje kwa magunia ndiyo dawa bora ya ngozi. Nayeyusha nta kwenye sufuria iliyowekwa ndani ya maji ya moto, nachanganya na mafuta kidogo ya wanyama hadi iwe laini kama siagi, na kuipaka ikiwa vuguvugu, nikisisitiza kwenye mishono kwa kidole. Isizidi: ngozi iliyolishwa mafuta mengi hulegea na kuacha kushika kifundo. Kwa buti la utando tabaka liwe jembamba zaidi, la sivyo hata huo mvuke mdogo utakosa njia. Na kiatu kibichi kisiwekwe karibu na moto, hata kama kesho asubuhi kinahitajika. Nimeona kambini ngozi ikikakamaa na kupasuka kwa usiku mmoja, na gundi ya soli ikiachia. Kitolewe kamba na soli ya ndani, kijazwe magazeti yanayobadilishwa kila baada ya saa moja au mbili, kisha kiinamishwe juu ya vijiti viwili mahali penye upepo.

Neno langu la mwisho ni kwa wanaoajiri. Msimu mmoja, katika kambi ambayo siitaji, wafanyakazi wote tuliletewa mabuti mapya, na tulishukuru. Lakini yalikuwa ya namba mbili tu, 42 na 45, kwa sababu aliyeyanunua hakumuuliza mtu. Mwenzetu mmoja mwenye mguu wa 40 alijaza vitambaa mbele, akafuata nyati siku mbili, na siku ya tatu alibaki kambini kucha mbili zikiwa zimeng'oka. Yule ndiye aliyekuwa na macho makali kuliko sisi sote, na nyati waliojeruhiwa hutafutwa kwa macho ya watu kama yeye. Karatasi na penseli za kuchora nyayo za watu kumi na wawili hazigharimu hata nusu saa ya siku ya mgeni mmoja. Kila mtu asimame juu ya karatasi yake alasiri, jina liandikwe juu yake, na karatasi hizo ndizo ziende dukani.

Jozi yangu ya Mwanza imekwisha kubadilishwa soli mara moja, kwa shilingi 35,000, na kwa kuwa imeshonwa, fundi aliitenganisha bila kuichana ngozi. Karibu na kidole cha mwisho cha mguu wa kushoto uzi umeanza kulika, pale pale ambapo gazeti la jozi ya Montana lilipata doa. Nimeupaka nta, na kabla ya Julai nitaupeleka ukashonwe upya.